Jike amekwama kuzaa: rudisha kwanza, ndipo uvute

*"Shikamoo daktari. Nafuga kondoo hapa Nyanguge, wilaya ya Magu. Nina majike sita na dume mmoja aina ya Dorper tuliyemnunua mwaka jana. Wiki mbili zilizopita jike mmoja, uzao wake wa kwanza, alianza kuhangaika saa moja jioni. Saa tatu chupa ikapasuka. Saa nne na nusu ukatokeza mguu mmoja tu, kichwa hakionekani. Jirani yetu mzee akaja, akaushika ule mguu akavuta, mume wangu akamsaidia. Walivuta kwa zamu mpaka saa nane usiku. Mtoto akatoka amekufa, mguu umeteguka. Jike hakusimama tena, hakula, akaanza kunuka, siku ya tatu akafa. Tulipompasua tukakuta mtoto wa pili ndani. Baba mkwe anasema kosa ni langu, nilimlisha pumba na mashudu mpaka watoto wakawa wakubwa. Jirani anasema tungempiga sindano ya uchungu mapema angezaa. Nimebakiwa na watatu wenye mimba, mmoja kiwele kimeanza kujaa. Afisa mifugo yuko mbali na usiku simu yake haipatikani. Wakikwama tena nifanye nini?"*

Marahaba mwanangu, na pole. Jike na watoto wawili kwa mkupuo mmoja ni hasara inayouma, na inauma zaidi ukiambiwa ni wewe uliyeileta kwa bakuli la pumba.

Nimesoma swali lako mara mbili. Mara ya kwanza macho yangu yalikimbilia kwenye pumba na sindano, kama yalivyokimbilia ya watu wa nyumbani kwako. Mara ya pili nikasimama pale uliposema mguu mmoja tu, kichwa hakionekani. Kisa chote kiko hapo. Jike wako hakuponzwa na chakula, wala hakukosa sindano. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na watu wenye nia njema wakavuta kitu kilichotakiwa kwanza kurudishwa ndani.

Nyonga ya kondoo ni pete ya mfupa. Siku za mwisho za mimba kano zinazoishikilia hulegea kidogo, ndiyo maana unaona pande mbili za shina la mkia zimebonyea, lakini mfupa ni mfupa. Mtoto hupita kwenye pete hiyo kwa sababu anajipanga awe mwembamba: miguu miwili ya mbele imetangulia, pua imelala juu ya magoti, kama kijana anayejitupa ziwani kutoka kwenye mtumbwi. Akijipanga hivyo, kichwa kinapita, mabega yanafuata, na kiwiliwili kilichobaki huteleza chenyewe. Sasa chukua mtoto huyo huyo, ukunje mguu mmoja uelekee nyuma. Bega na kiwiko vinarundikana upande mmoja, na kifua kinakuwa kabari. Kadiri unavyouvuta ule mguu uliotoka, ndivyo unavyoigongomea kabari kwenye pete. Wanaume wawili wenye nguvu hawasaidii kitu hapo. Wanaweza kung'oa bega la mtoto au kuchana kizazi cha mama, na mlango ukabaki umeziba vilevile.

Kuna jike mkubwa aliyekwisha kuzaa mara nne atakayemtoa mtoto mdogo na mguu mmoja nyuma bila msaada wa mtu. Jirani yako huenda amewaona wa namna hiyo, na ndiyo maana mkono wake ulikuwa mwepesi kuvuta. Kwa jike wa uzao wa kwanza usitegemee bahati hiyo.

Mguu mmoja ukitokeza, swali la kwanza ni hili: ni mguu gani? Wa mbele au wa nyuma? Watu wengi hawajiulizi, na jibu linabadilisha kazi yote. Ukianzia kwenye kwato ukapanda juu, mguu wa mbele una viungo viwili vinavyokunjika upande mmoja, kifundo kisha goti. Mguu wa nyuma unakunja kifundo upande huu na kiungo kinachofuata upande wa pili, tena kiungo hicho kina ncha iliyochongoka nyuma yake, ile sehemu mchinjaji anapopenyeza ndoano akitaka kumtundika mbuzi. Ncha ikiwapo, mguu ni wa nyuma.

Usiishie kusoma tu. Leo jioni mkamate mwanakondoo au mwanambuzi yeyote, mpakate, fumba macho, na umpapase mguu mmoja baada ya mwingine mpaka uweze kusema "mbele" au "nyuma" bila kufumbua. Mpapase na kichwa: wapi taya, wapi tundu la jicho, wapi sikio. Ndani ya kizazi macho yako hayatakufaa kitu.

Jambo la pili ni kuhakikisha miguu unayoishika ni ya mtoto mmoja. Hili nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa kijana, mwaka wa pili kazini, nikaitwa usiku Kayenze kwa familia ya wavuvi wa dagaa. Tulimulikiwa na karabai yao ya kuvulia. Nikatia mkono, nikakuta miguu miwili ya mbele, nikafurahi, nikafunga kamba, nikaanza kuvuta. Hakuna kilichosogea. Bibi mwenye kondoo alikuwa amechuchumaa pembeni ameshika taa, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo miguu ni ya mama mmoja sawa, lakini ni ya mtoto mmoja?" Sikuwa nimeifuatilia. Nikaufuata mguu wa kwanza mpaka begani, nikavuka kifua kwenda upande wa pili, nikaukuta mguu mwingine kabisa, umekunjwa. Ule niliokuwa nimeufunga ulikuwa wa pacha wake. Nilikuwa navuta watoto wawili kwenye mlango wa mmoja. Mmoja alitoka hai, mwenzake alikuwa amekwisha kufa, na nadhani dakika zangu za kuvuta kwa furaha zilichangia. Tangu siku hiyo sifungi kamba kabla kidole hakijatembea kutoka kwato hadi bega, kuvuka kifua, hadi kwato ya pili.

Tuje kwenye muda, maana ninyi mlichelewa kuanza kazi, kisha mkachelewa kuiacha. Uchungu wa kondoo una awamu tatu. Ya kwanza ni mlango wa kizazi kufunguka: jike anajitenga, analala na kuinuka, anaparua chini, anaacha kula. Hii huchukua saa 2 hadi 6, na kwa uzao wa kwanza hufika hata 12. Muache, mwangalie kwa mbali. Ya pili ni kusukuma: chupa inatokeza, anajikamua kwa nguvu, mara nyingi amelala ubavu na kichwa amekinyanyua juu. Hapo ndipo unatazama saa. Chupa ikipasuka, au akisukuma kwa nguvu, dakika 30 zikapita bila hatua yoyote, nawa mikono uchunguze. Kuchunguza si kuvuta, ni kujua mtoto amekaaje. Chupa ya jike wako ilipasuka saa tatu, na mguu ukaonekana saa nne na nusu. Saa moja na nusu ile ndiyo iliyokuwa na thamani, maana huenda mtoto alikuwa hai bado na maji yalikuwa hayajakauka. Awamu ya tatu ni kondo la nyuma kutoka, kwa kawaida ndani ya saa chache baada ya mtoto wa mwisho.

Kuna jike mwingine wa kumwogopa, naye ni yule asiyesukuma. Mtoto akitanguliza matako, miguu yote miwili ya nyuma imekunjwa chini ya tumbo, hakuna kinachoingia kwenye nyonga cha kumpa jike hamu ya kusukuma. Anahangaika tu, anakunja mkia, saa zinapita, na mwenye zizi anasema bado. Ukiona dalili za uchungu zimeanza, saa 6 zikapita na hakuna chupa wala kusukuma, mchunguze huyo pia. Ukigusa mkia mdogo peke yake, umemjua.

Sasa kazi yenyewe. Kata kucha, vua pete na bangili, nawa mpaka kiwikoni kwa sabuni, na mwoshe jike nyuma. Vaa glavu ndefu za plastiki, duka la dawa za mifugo huwa nazo. Nasisitiza glavu kwa sababu maji ya uzazi ya kondoo yanaweza kubeba brusela, homa Q na magonjwa mengine yanayompata binadamu. Kama wewe mwenyewe ni mjamzito, usiguse kabisa: shika taa, elekeza, mwingine atie mkono. Kilainishi kizuri ni jeli ya uzazi inayouzwa dukani. Ukiikosa, mafuta ya kupikia yatafaa, lakini chupa mpya, si yale yaliyokwisha kaangia sato. Sabuni ya unga usitumie, inaondoa ute wa jike mwenyewe na kumchubua.

Mlaze jike ubavu mahali penye mteremko, makalio yawe juu na kichwa chini, au mwenzako amnyanyue sehemu ya nyuma. Hili peke yake hufanya nusu ya kazi, kwani tumbo linashuka mbele na unapata nafasi ya kugeuza. Kusanya vidole vyote vitano viwe kama mdomo wa ndege, ingiza polepole. Akisukuma, tulia, usishindane naye. Akipumzika, fanya kazi.

Ukikuta kichwa kimekuja na mguu mmoja uko nyuma, msukume mtoto arudi ndani kwa kiganja, taratibu, mpaka upate nafasi mbele ya pete. Ukisita hapo, kumbuka kwamba hata mguu uliotokeza nje unaruhusiwa kurudi. Ufunge kwanza kamba laini ya pamba iliyochemshwa, juu ya kifundo, ili usikupotee. Kisha fuata shingo hadi bega, bega hadi goti, kunja goti, na ufunike kwato kwa kiganja chako chote kabla hujauleta mbele. Kwato ya mwanakondoo ni ndogo lakini ina ncha, na ukuta wa kizazi ni mwembamba. Kufunika kwato ndiko kunakookoa maisha ya jike.

Mguu ukiwa wa nyuma, tafuta wa pili, kwa kuufunika kwato vilevile. Ukiipata yote miwili, usihangaike kumgeuza mtoto. Anaweza kutoka kinyumenyume vizuri kabisa. Mvute taratibu mpaka makalio yapite, na kuanzia hapo usikawie, maana kitovu kinabanwa kwenye nyonga wakati kichwa bado kimo ndani ya maji, na mtoto akijaribu kupumua atayavuta. Huyo anayetanguliza matako naye dawa yake ni hiyo hiyo: msukume mbele, lete miguu mmoja mmoja, mtoe kinyumenyume.

Hali ninayoihofia kuliko zote ni kichwa kilichogeukia ubavuni. Unaona miguu miwili ya mbele, imekaa vizuri, inakushawishi uvute. Ukivuta, mwili unasonga mbele na kichwa kinazidi kukunjamana nyuma. Hapo unafunga miguu yote miwili kamba, unamrudisha mtoto ndani, unaifuata shingo inakoelekea, unakishika kichwa kwa vidole nyuma ya taya au kwenye matundu ya macho, unakizungusha kielekee mlangoni. Usimvute kwa kushika taya la chini peke yake, linavunjika. Kamba ikipita nyuma ya masikio yote mawili na kuingia mdomoni hukishikilia kichwa vizuri, lakini lengo lake ni kukielekeza, nguvu ya kuvuta inabaki kwenye miguu. Shingo ya mtoto ni ndefu na inateleza. Nimeona maafisa wa miaka mingi wakishindwa, nami nimeshindwa zaidi ya mara moja.

Kila kitu kikishajipanga, ndipo unavuta, na kuvuta huku hakufanani na kule kwa usiku ule. Unavuta jike anaposukuma, unaacha anapopumzika. Mguu mmoja uutangulize kidogo kuliko mwingine ili mabega yapite kimshazari. Mabega yakishatoka, vuta kuelekea chini, kwenye visigino vya jike. Nguvu za mtu mmoja zinatosha. Ukijikuta unahitaji wa pili, simama, kuna kitu hujakiona.

Weka na mpaka. Ukihangaika ndani dakika 15 hadi 20 bila kusogea, toa mkono. Ukikuta mlango wa kizazi haujafunguka, unagusa pete ngumu inayopitisha vidole viwili au vitatu tu, toa mkono hapo hapo na usijaribu kuutanua. Ukihisi mtoto amevimba, manyoya yananyofoka na harufu imebadilika, au damu nyekundu mbichi inatiririka, hiyo si kazi ya zizini kwenu. Anahitajika daktari, na mara nyingi dawa yake ni upasuaji. Watu hushtuka wakisikia upasuaji wa kondoo, lakini hufanyika kwa ganzi ya kawaida, jike amelazwa kwenye turubai safi, ubavu wa kushoto umenyolewa. Akiwahiwa, uwezekano wa kupona ni mzuri. Akiletwa baada ya saa tano za kuvutwa, hata mimi nitakwambia kwa unyoofu kwamba pengine kumchinja ndiko kumhurumia, ila usile nyama yake kama ameshachomwa dawa au ameanza kunuka.

Ndiyo maana sindano ya uchungu inanipa hofu. Inafanya kizazi kikaze. Kizazi kikikaza na mtoto amepangika, mlango uko wazi, jike amechoka tu, inasaidia, na daktari huitumia. Kikikaza juu ya mtoto aliyekwama, hakuna pa kwenda: kizazi kinapasuka, au kinambana mtoto mpaka anakosa hewa, na wewe hata ukitaka kumrudisha ndani huwezi tena, maana nafasi imekwisha. Dawa za miti shamba zinazosifiwa kuleta uchungu zina hatari hiyo hiyo. Usiku ule, kwa jike yule, sindano ingemuua mapema zaidi.

Kuhusu baba mkwe, nitamjibu kwa heshima yake. Ana kipande cha ukweli. Jike akinenepa kupita kiasi, mafuta hubana njia, na mtoto akiwa mmoja huweza kuwa mkubwa. Lakini wako alikuwa na mapacha, na mapacha kwa kawaida kila mmoja ni mdogo kuliko mtoto anayekaa peke yake. Kumnyima chakula kungeongeza tatizo. Katika wiki 6 za mwisho mtoto hujenga zaidi ya nusu ya uzito atakaozaliwa nao, na tumbo la mama limebanwa, hana nafasi ya kula majani mengi kwa mara moja. Asipoongezewa chakula chenye nguvu anaanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake, damu inachafuka, anazubaa, anasaga meno, anashindwa kusimama, na hata akizaa hana maziwa. Kwa kondoo wa kienyeji wa kilo 30 hadi 35, gramu 200 hadi 300 kwa siku za pumba zilizochanganywa na mashudu kidogo ya pamba, pamoja na majani, jiwe la chumvi na maji, si anasa. Endelea.

Kama kuna kitu cha kumwambia baba mkwe, basi ni dume. Dorper ni mzuri wa nyama, lakini ana umbo kubwa kuliko majike wetu wa kienyeji, na ukimwacha azunguke na majike siku zote, atampanda na binti ambaye nyonga yake haijakomaa. Jike asipandwe kabla hajafikia kama theluthi mbili za uzito wa jike mzima wa aina yake. Wamaasai humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo asiweze kupanda wakati wasioutaka, na hakuna kinachotuzuia sisi wa huku ziwani kuiga. Faida yake nyingine ni kujua tarehe: kondoo hubeba mimba siku 147 hivi, na mwenye tarehe halali macho mwezi mzima.

Kilichomuua jike wako ni yule mtoto wa pili, pamoja na majeraha ya ndani. Alibaki humo, akaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Kwa hiyo kila unapomsaidia jike, mtoto akishatoka, paka tena kilainishi na urudishe mkono mara moja zaidi, hata kama umechoka na jogoo anawika. Jike aliyetiwa mkono anahitaji pia sindano ya kuzuia maambukizi na ya maumivu. Kiasi na aina vipangwe na afisa mifugo kwa uzito wake, usikisie kwa kumuuliza muuza duka. Na mlipompasua mzoga, natumaini mlikuwa na glavu. Mnyama aliyekufa ghafla na kutoa damu puani au nyuma asipasuliwe kabisa, huenda ni kimeta.

Mtoto akitoka hai, futa ute puani na mdomoni, msugue kwa nguvu na majani makavu au gunia safi, na umchokoe tundu la pua kwa unyasi apige chafya. Usimzungushe hewani kama nilivyofundishwa mimi zamani, unaweza kumuumiza. Mweke mbele ya mama amlambe. Kitovu kichovye kwenye tincha ya iodini. Kisha mnyonyeshe dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama, ndani ya saa 2 ukiweza, saa 6 zisipite. Mwanakondoo hazaliwi na kinga kutoka tumboni kwa mama yake, anaipata yote kwenye dang'a, na utumbo wake huipokea siku ile ya kwanza tu. Kama hawezi kunyonya, mkamue mama umnyweshe, mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, jumla mililita 200 kwa kilo ndani ya saa 24. Upepo wa ziwa wa alfajiri humwua mtoto mlowevu upesi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo usimwache kwenye uwazi.

Kondo la nyuma likichelewa usilivute wala kulifungia jiwe. Likifika saa 12 halijatoka, piga simu. Likitoka, lichimbie shimo refu mbwa wasilifikie.

Sasa hao watatu. Huyo mwenye kiwele kinachojaa anaweza kuwa amebakiza siku chache, au wiki mbili hivi, kwa hiyo mtenge usiku kwenye kona kavu yenye majani, umwangalie saa tatu usiku na tena alfajiri. Andaa ndoo safi, sabuni ya kipande, glavu, jeli, kamba mbili za pamba, iodini na tochi yenye betri mpya, vyote kwenye kapu moja linaloning'inia. Kesho mchana, si usiku wa tatizo, nenda kwa afisa mifugo wa kata, mweleze una majike watatu karibu, chukua namba yake ya pili na ya daktari mmoja binafsi pale Magu mjini au Mwanza. Ninyi mko kwenye lami ya kwenda Musoma, na kondoo wa kilo 35 anapakiwa kwenye bajaji. Mfugaji wa Ukara hana hiyo nafuu, anasubiri maji yatulie. Ongea na mwenye bajaji naye mapema, mkubaliane bei ya usiku.

Na kama mmojawapo akitupa mimba kabla ya wakati, usichukulie ni bahati mbaya. Funga kitoto na kondo kwenye mifuko miwili kwa glavu, viweke mahali pa baridi, mpigie afisa mifugo avipeleke maabara ya mifugo ya kanda iliyopo Mwanza. Wakitupa wengi kwa pamoja baada ya mvua kubwa, usiguse kitu, toa taarifa siku hiyo hiyo, maana Homa ya Bonde la Ufa huanza hivyo.

Mwambie yule mzee jirani aje pia siku mtakayompapasa mwanakondoo. Mikono yake ina nguvu na imezoea mifugo, na usiku mtakaomhitaji ni yeye atakayefika kabla yangu.